Kabichi ya mama ntilie inabaki kavu na ya njano, ya kwangu inaogelea kwenye maji. Siri ni nini?

#1 Mlinzi wa Sufuria (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada kwenye jambo ambalo wengi wanalichukulia dogo: kabichi ya kukaanga yenye binzari. Siyo ya nazi wala ya karanga, ni ile ya kawaida kabisa inayowekwa pembeni ya wali maharage. Mama ntilie wa jirani na kazini kwetu, Ilala, anaitoa ikiwa kavu, njano ya kung'aa, na ukiitafuna unaisikia meno yanafanya kazi. Mimi nikipika nyumbani, dakika tano tu sufuria imejaa maji, kabichi imelegea kama ya kuchemsha na rangi imekuwa ya udongo.

Ninavyofanya: kitunguu kwenye mafuta ya alizeti, karoti, hoho, nyanya moja, binzari kijiko cha chai, chumvi, halafu kabichi nusu kichwa, nafunika. Jiko ni la gesi la plate mbili. Yale maji yanatoka wapi?

#2 Kibarua Huru
Naweka kiti hapa nasubiri wataalamu. Hili swali lilikuwa linanihusu siku nyingi.

#3 Chuma Moto (Mwanza)
Nyanya hiyo. Toa nyanya, matatizo yameisha. Na mfuniko unafunikia nini? Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini ukiwa maji. Hapo mkuu unapika supu.

#4 Mama Zuu (Tanga)
Mwanangu, umetaja vitu vingi, mimi nakujibu kwa kimoja: chumvi. Umeitia mapema. Kabichi ikishaguswa na chumvi inamwaga kila ilichonacho.

Nakueleza ninavyopika, maana ndiyo biashara yangu. Kabichi inaoshwa nzima, kabla ya kisu. Ukiosha baada ya kukata, maji yanajificha kwenye mikunjo ya majani na huyatoi yote hata ukichuja. Naitoa yale majani mawili matatu ya juu, naigawa robo, naondoa kigogo cha katikati, naikata nyembamba, isizidi njiti ya kiberiti. Naitandaza kwenye ungo wakati natayarisha vingine, ipate upepo.

Karai lipate moto kweli. Mafuta yakianza kutembea yenyewe ukilitikisa, kitunguu kinaingia. Hakisubiri kuwa chekundu, kikilainika tu nafuatisha kitunguu saumu kilichotwangwa na karoti ya kukwangua. Kabichi inaingia kwa mafungu, siyo yote kwa mpigo. Hapo mwiko haupumziki: unachota chini unaleta juu. Ikianza kung'aa kwa mafuta nanyunyiza binzari, nageuza mpaka rangi ienee, natia chumvi, nateremsha. Mfuniko hauna kazi hapo, hilo nakubaliana na Chuma Moto.

#5 Mlinzi wa Sufuria
Asante sana mama, shikamoo. Kwa hiyo binzari ni baada ya kabichi, siyo kwenye mafuta?

#6 Mama Zuu
Marahaba. Baada. Binzari ikikutana na mafuta ya moto peke yake inaungua kabla hujageuka, halafu mboga nzima inakuwa chungu.

#7 Mwana wa Kuze (Mombasa)
Mama Zuu shikamoo. Kwa chumvi niko nawe, lakini kwa manjano, hiyo mnayoiita binzari, nakupinga kwa heshima zote.

Mimi nimelelewa nyumba zapakana na Wahindi, Wagujarati hasa, na wao kabeji hii waiita sambharo. Yaliwa pembeni ya chakula, haswa kama hiyo aliyouliza mwenye uzi. Mke wa jirani yetu alikuwa atupikia watoto wote wa uwani, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni pa jikoni namtazama. Karai dogo la chuma, mafuta vijiko viwili hivi. Atia mbegu za haradali nyeusi, zile ndogondogo, kisha afunika kwa sahani, kwani zikipata moto zapasuka na kuruka hadi usoni. Wasikia pa-pa-pa, na ile sauti ikianza kupungua ndipo afunua. Pilipili mbichi ndefu, imepasuliwa kati. Hapo apunguza moto, atia manjano nusu kijiko cha chai, na papo hapo kabeji na karoti vyaingia juu yake. Kabeji ndiyo yazuia manjano yasiungue. Akoroga mara chache, chumvi, ndimu, basi. Ukila bado yaalika menoni.

Rangi yake ilikuwa njano ya kung'aa kweli. Manjano yayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hayayeyuki. Ukiyatia juu ya kabeji iliyokwisha toka maji, yakaa tu kama vumbi, na mdomoni wapata ladha ya unga mbichi. Rangi ya udongo anayoisema mwenye uzi yatoka hapo.

#8 Jikoni Nairobi
Niaje wadau. Mimi sijaelewa hii vita na nyanya. Huku kwetu kabeji bila nyanya ni chakula ya sungura. Kitunguu, nyanya zikaange mpaka zishikane na mafuta, kabeji, Royco kidogo, dhania juu, na chapo mbili pembeni. Maji kidogo ndiyo tunataka, chapo italoa wapi?

Halafu kuna kitu mmesahau. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Maji huku yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, Dar ni 100. Labda kabeji ya kila mji ina tabia yake.

#9 Chuma Moto
Jikoni Nairobi, umejibu swali la mtu mwingine. Huyu anataka kavu, wewe unataka ya kuchovyea chapati. Mlie kwa amani, ila nyanya inabaki nje.

#10 Darasa la Chakula (Morogoro)
Wakuu, nimesoma sayansi ya chakula pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, naomba niweke mambo machache sawa.

Swali la mleta uzi ni maji yanatoka wapi. Yanatoka kwenye kabichi yenyewe. Kabichi ni maji kwa karibu asilimia 92. Nusu kichwa yenye kilo moja ina maji yanayokaribia lita moja. Nyanya moja ukiiweka karibu na lita moja ni kitu gani? Kwa hiyo #3 nakubali nusu: nyanya inaongeza maji, lakini kisima chenyewe ni kabichi.

Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya jani, hilo ni kweli, ndiyo maana kachumbari ikikaa inachuruzika. Lakini joto nalo linafanya kazi hiyohiyo, tena kwa nguvu zaidi. Jani likishapata moto, vyumba vidogo vinavyoshikilia maji vinalegea na maji yanatoka hata kama hujatia punje ya chumvi. Kwa hiyo hakuna namna ya kuzuia maji yasitoke. Kilichopo ni kuyafanya yaondoke kama mvuke kwa kasi ileile yanayotoka.

Hapo ndipo chombo na moto vinapoingia. Maji yakishatuama chini ya sufuria, joto la pale haliwezi kupita lile la maji kuchemka mpaka yakauke yote. Mafuta yangeweza kwenda juu zaidi ya hapo, lakini maji yanayashika. Kuanzia dakika hiyo unachemsha, hata kama mwenyewe unaita kukaanga. Karai pana, moto mkali, kabichi kidogo kidogo: mvuke unapata njia. Sufuria ndefu iliyojazwa nusu: mvuke unapita kwenye kabichi ya juu, unapoa, unarudi.

Na #8, kimo cha Nairobi kinaathiri maharage na nyama ya kuchemsha, ni kweli vinachukua muda zaidi. Kwa kabichi ya dakika nne kwenye karai la moto sidhani utaona tofauti.

#11 Jikoni Nairobi
Sawa daktari, nimekusoma. Lakini nyanya sitoi.

#12 Bint Mkunazini (Unguja)
Assalam alaykum. Nauliza, mbona watu wanasema binzari tu na hawasemi ipi? Huku kwetu ipo bizari ya manjano na ipo bizari nyembamba, ile ya pilau, Mombasa wanaita uzile. Mtu akikwambia "tia bizari kijiko" ukatia nyembamba, hupati rangi hata kidogo, unapata kebichi yenye harufu ya pilau. Na kuna zile bizari za mchuzi za paketi, zimechanganywa vitu chungu nzima. Rangi yake ni ya hudhurungi tangu kwenye paketi. Mwenye uzi, yako ni ipi?

#13 Mlinzi wa Sufuria
Bint Mkunazini, umenigusa. Nimekwenda kuangalia kopo. Ni bizari ya mchuzi, ile ya mchanganyiko. Dukani nilisema binzari, nikapewa hiyo.

#14 Bint Mkunazini
Basi rangi ya udongo ishajibiwa. Maji bado.

Mimi napika hivi: bizari nyembamba nzima, kijiko kidogo, kwenye mafuta mpaka inukie, thomu (kitunguu saumu), pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, manjano, kebichi. Ile pilipili inaachwa juu itoe harufu bila ukali, na kabla ya kupakua unaitoa. Ikipasuka ndani, wageni hawatakusamehe.

#15 Mwana wa Kuze
Bint Mkunazini, uzile mzima na kabeji, hapo nakuunga mkono. Umeitaja pilipili mbuzi nikasikia harufu kutoka Mombasa.

#16 Shamba Juu (Lushoto)
Habari zenu. Nyote mnazungumzia karai, hakuna aliyeuliza kabichi ilitoka wapi na ilivunwa lini. Mimi ni mkulima wa mboga, nazungumza kwa ninachokiona shambani.

Kabichi haziko sawa. Zipo zenye kichwa kigumu kilichofunga, ukikigonga kinatoa sauti nzito na kisu kinapita kwa taabu. Wengi tunalima Gloria F1, inafunga vizuri na inavumilia safari. Copenhagen Market inawahi kukomaa, kichwa chake kidogo cha mviringo. Zipo pia zile za kichwa bapa, na zile za kuchongoka ambazo majani yake ni laini zaidi. Ya kichwa kilicholegea inanywea haraka jikoni.

Halafu kuna msimu. Mvua ikija kwa nguvu baada ya kiangazi, kabichi iliyokaribia kukomaa inakunywa maji kuliko ngozi yake inavyoweza kubeba, mpaka vichwa vinapasuka shambani. Hizo zinauzwa haraka haraka na ndizo zenye maji mengi. Ya kiangazi, iliyopimiwa maji, ni nzito kwa majani siyo kwa maji, na utamu wake unausikia hata ukiitafuna mbichi. Na sokoni nako wanazimwagia maji ili zionekane zimetoka shamba asubuhi.

Kwa hiyo mama ntilie wa Ilala anaweza kuwa na mkono mzuri, sikatai. Lakini yeye ananunua alfajiri, anachagua kwa kugonga. Wewe mkuu unanunua jioni, robo kichwa iliyokatwa ikafungwa kwenye nailoni.

#17 Kibarua Huru
Shamba Juu umenifungua macho. Sasa nikienda sokoni naanza kugonga kabichi, watu waniangalie.

#18 Mzee wa Jadi
Kabichi ni mboga yetu ya asili, wazee walikuwa wanajua kuikausha juani kabla ya kupika ndiyo maana haikutoa maji. Siku hizi tumeharibiwa na mbegu za dukani.

#19 Darasa la Chakula
Mzee wa Jadi, heshima yako. Kabichi asili yake ni Ulaya, mama yake ni mmea wa pori wa pwani za huko. Kwetu imeletwa na Wazungu, ikapata makazi nyanda za juu zenye baridi: Usambara, Mbeya, Kinangop kule Kenya, Kabale Uganda. Lushoto yenyewe enzi za Mjerumani iliitwa Wilhelmstal. Mboga ambazo wazee walikausha juani ni kama kunde, mgagani na majani ya maboga, na hizo kweli zinakaushika vizuri sana.

Na katika karai moja la Mwana wa Kuze kuna kabichi ya Ulaya, manjano yenye asili ya Asia ya Kusini na pilipili iliyotoka Amerika. Chakula chetu cha kawaida kimesafiri kweli.

#20 Mzee wa Jadi
Nimepokea kuhusu asili. Lakini kuikausha kidogo juani kabla ya kupika jaribuni, mtaniambia.

#21 Mpishi Mstaafu (Dodoma)
Nimepika shule za bweni na hotelini miaka mingi, naomba nitie neno. Chumvi mwisho, chumvi mwisho, naona kila mtu amekubali. Mimi sikubali.

Ukitia chumvi mwisho kabisa kwenye kabichi iliyokwisha kuiva, chumvi inabaki juu ya jani. Mlaji anapata chumvi kwanza, halafu kabichi isiyo na ladha. Hotelini tulikuwa tunatia chumvi mara kabichi inapoingia. Maji yanatoka mapema wakati moto uko juu, yanakauka, na kinachobaki ndani ya jani kimekolea. Lakini karai liwe pana na kabichi isijae. Mambo yaliyosemwa #10 kuhusu karai ndiyo msingi, chumvi ni ya kupangia tu.

Kwa wingi, kwa mfano shuleni, haiwezekani kukaanga fungu moja moja. Pale tulikuwa na njia nyingine: maji yanachemka kwenye sufuria kubwa, kabichi iliyokatwa inachovywa kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka thelathini, inatolewa, inamwagiwa maji baridi, inakamuliwa kwa mikono miwili mpaka haitoi tone. Pembeni kitunguu, karoti na manjano vimeshaungwa kwenye mafuta. Kabichi inaingia mwisho, inageuzwa, inapakuliwa. Haitoi maji tena kwa sababu yameshatoka. Na hata ikikaa saa mbili kwenye sufuria ya kupakulia inabaki kavu. Mama ntilie wengi wanaouza mchana kutwa wanafanya hivi, msidhani wote wanakaanga.

#22 Mama Zuu
Mpishi Mstaafu, kaka yangu, hiyo ya kuchovya na kukamua naijua na siipendi. Utamu wote umeumwaga kwenye beseni. Mteja anakula makapi ya njano.

#23 Darasa la Chakula
Mama Zuu ana hoja pia kwa upande wa afya. Kabichi ina vitamini C ya kutosha, na vitamini hiyo inayeyuka kwenye maji. Ukichovya na kukamua, sehemu yake inaondoka na yale maji. Ila kwa chakula cha kukaa saa nyingi bila kuchuruzika, njia ya Mpishi Mstaafu inaeleweka.

Kitu kingine: harufu. Kabichi ina viambata vya salfa, na kadiri inavyokaa kwenye moto ndivyo ile harufu nzito inavyozidi. Ya dakika chache inabaki tamu.

#24 Mpishi Mstaafu
Dada Mama Zuu, makapi? Njoo Dodoma nikupikie, utaomba sahani ya pili.

#25 Mama Zuu
Nije na karai langu.

#26 Furaha ya Kivu (Goma)
Jambo ndugu zangu. Huku Goma tunaiita shu. Zinashuka kutoka upande wa Masisi na Rutshuru, kule kwenye baridi. Siye tunapika na mafuta ya mawese, na hiyo rangi mnayotafuta na manjano siye tunaipata kwenye mawese yenyewe. Mama yangu alikuwa anaweka mawese kwenye moto mpaka ile harufu ya ubichi inaisha, kitunguu, pilipili, halafu shu. Anafunika! Anafunika vizuri na moto mdogo, na maji yanatoka mengi, lakini hatoi mfuniko mpaka yamekunywewa yote. Mwisho inakuwa laini, tamu, inang'aa, tunakula na bugali. Kwa hiyo kukauka kunaweza kuja kwa haraka ao kwa polepole. Nyinyi munapenda ikwaruze meno, siye tunapenda ilainike.

#27 Jikoni Nairobi
Furaha ya Kivu, wewe ndiye umenifurahisha leo. Hiyo yako nitaijaribu, na nyanya ndani.

#28 Chuma Moto
Huyu mtu na nyanya zake.

#29 Salma wa Muscat
Jamaa zangu, nawasoma kutoka Muscat. Kwetu hapa nimegundua jambo la kabichi alilosema Shamba Juu ni kweli tupu. Sokoni ziko za namna mbili: ngumu nyeupe ya mviringo, na ile bapa laini ambayo watu wanainunua kwa kukunjia malfuf (wali na nyama ndani ya jani la kabichi), majani yake yanafunguka moja moja. Ile bapa ukiikaanga inanywea mara moja na maji yanajaa, hata ufanye nini. Ile ngumu inanyooka. Karai lilelile, mkono uleule, jiko lilelile.

Na kuhusu manjano: nanunua mizizi mikavu nikipata mtu anatoka Zanzibar, nasaga mwenyewe. Ya unga siiamini tangu niliposikia habari za Bangladesh, kuwa wafanyabiashara walikuwa wanachanganya rangi yenye risasi ili manjano yazidi kung'aa, mpaka serikali yao ikafanya msako masokoni mwaka 2019. Mizizi huwezi kudanganywa kirahisi, unaivunja unaona ndani.

#30 Bint Mkunazini
Salma, umesema la maana sana. Mizizi hata huko Muheza na milima ya Uluguru inapatikana, siyo lazima ya kwetu. Ichemshwe, ikatwe, ikauke, isagwe. Ukipata ya namna hiyo, robo kijiko inatosha pale wengine wanapotia kijiko kizima.

#31 Kibarua Huru
Jamani kuna mtu aliniambia hotelini wanatia magadi kidogo ili kabichi iive haraka. Kweli?

#32 Mpishi Mstaafu
Wapo wanaofanya. Mimi sikuruhusu jikoni kwangu. Kabichi inakuwa nyororo kupita kiasi, inateleza.

#33 Darasa la Chakula
Na ukitia magadi kwenye mboga yenye manjano, angalia rangi: inageuka kuwa nyekundu nyekundu. Rangi ya manjano inabadilika ikikutana na vitu vya jamii ya magadi au sabuni. Ukitia ndimu, inarudi njano.

#34 Kibarua Huru
Kumbe! Ndiyo maana shati langu jeupe lilipomwagikiwa mchuzi nikalisugua na sabuni, doa likawa jekundu kama damu. Nililitupa.

#35 Mama Zuu
Hukuwa na haja ya kulitupa. Lifue, lianike jua kali likiwa bado bichi, lirudie hivyo siku mbili tatu. Doa la manjano linakimbia jua.

#36 Salma wa Muscat
Mama Zuu kasema kweli. Jua la hapa kwetu linaliondoa kwa alasiri moja.

#37 Mlinzi wa Sufuria
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilitafuta manjano halisi ya unga, nikaazima karai kwa jirani, nikaacha nyanya na mfuniko, nikatia manjano kwenye mafuta na kabichi ikafuata papo hapo kama alivyoelekeza Mwana wa Kuze, chumvi mwisho kama alivyosema Mama Zuu. Kabichi nilinunua asubuhi Ilala, ngumu, niliigonga. Imetoka kavu. Rangi njano kweli. Watoto wamemaliza.

Sasa tatizo ni kwamba nimebadilisha vitu vyote kwa mara moja, sijui ni kipi kilichofanya kazi.

#38 Shamba Juu
Kabichi hiyo.

#39 Mama Zuu
Chumvi mwanangu, chumvi.

#40 Chuma Moto
Umetoa nyanya. Nilisema #3, watu wakaandika kurasa na kurasa.

#41 Darasa la Chakula
Karai. Lakini jaribu hivi: rudia kila kitu kama ulivyofanya, ila chumvi itie mwanzoni kama Mpishi Mstaafu. Kama bado inatoka kavu, basi chumvi siyo. Siku nyingine rudisha nyanya peke yake. Badilisha kimoja kimoja.

#42 Mwana wa Kuze
Na siku moja ufanye kwa haradali. Mwenye uzi hajasema kama aliziweka, na bila hizo hajaonja sambharo.

#43 Mlinzi wa Sufuria
Haradali sikuzipata mtaani kwetu. Zinapatikana wapi hapa Dar?

#44 Mwana wa Kuze
Mitaa ya Kisutu huko kwenu, maduka ya viungo ya Wahindi. Sema unataka rai, nyeusi ndogo. Ukipewa za njano kubwa, hizo si zenyewe kwa kazi hii. Na usinunue nyingi, zaingia wadudu joto likizidi. Ziweke kwenye chupa kavu, kifuniko kikaze.

#45 Jikoni Nairobi
Mimi nimejaribu ya Furaha ya Kivu jana usiku. Mawese nilipata, mfuniko nimeweka, moto mdogo. Imechukua muda lakini imetoka tamu ajabu, na haina maji hata tone. Nyanya moja ilikuwa ndani.

#46 Chuma Moto
Ukiwa na saa nzima ya kusubiri hata mtungi wa maji utakauka. Sisi tunazungumzia mboga ya kupika ukirudi kazini na njaa.

#47 Furaha ya Kivu
Chuma Moto, siyo saa nzima! Dakika ishirini. Wakati inaiva unasonga bugali, vyote vinaisha pamoja.

#48 Kibarua Huru
Wataalamu, kabla hamjatawanyika: haya ya karai pana, moto mkali na kutofunika, yanafanya kazi na bamia pia? Ute wake unanishinda.

#49 Bint Mkunazini
Bamia zioshwe nzima, zifutwe kwa kitambaa zikauke kabisa ndipo zikatwe, na kisu kiwe kikavu. Kwenye karai usizikoroge koroge, ziache zishike rangi upande mmoja kwanza. Ndimu mwisho.

#50 Mama Zuu
Ndimu mwanzo, Bint Mkunazini. Kwenye bamia ndimu inatangulia.